Nimeapa kumpeleka baba kuona kriketi ng'ambo, na akiba yangu ni ndogo

Shikamoo dada,

Baba yangu ana miaka 68. Kriketi aliipendea kwenye redio ya masafa mafupi, na hadi leo akisikiliza mechi huwa na daftari mapajani. Kila mpira unaorushwa anaweka nukta, mikimbio ikipatikana anaandika tarakimu, na ova nzima, yaani mipira sita, ikipita bila mkimbio hata mmoja anaunganisha zile nukta sita zikawa herufi M. Anayo madaftari ya miaka mingi, ameyafunga kwa uzi na hataki mtu ayaguse. Lakini hajawahi hata siku moja kukaa uwanjani akaona timu mbili za taifa zikicheza mbele ya macho yake.

Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa goti. Nilipokuwa nimeketi pembeni ya kitanda chake nikaapa moyoni kwamba lazima nimpeleke. Tangu hapo naweka akiba. Imefikia kiasi cha kutupeleka watu wawili na kuturudisha bila anasa, lakini nikikosea mara moja tu pakubwa, imekwisha.

Sasa rafiki zangu watatu wanajiandaa kwa Kombe la Dunia la 2027 kule Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Wanasema ukienda nenda kwenye fainali, au India na Pakistan wakikutana, vinginevyo ni heri ubaki na televisheni yako. Wamempata wakala anayekusanya malipo ya awali, na mwisho wa kulipa ni mwezi huu. Niliomba kuona risiti ya mmoja wao. Imeandikwa "kifurushi cha Kombe la Dunia" na kiasi alicholipa, basi. Haitaji mechi wala kiti.

Dada yangu naye amenijia juu. Anasema hela hizo ni za kumtunza mzee, si za kumrusha angani akaangalie mpira. Baba mwenyewe hajui lolote, nilitaka iwe ya kumshtukiza.

Je, nilipe kabla nafasi hazijaisha? Kama si hivyo, twende wapi, na nipange vipi hata tusikwame ugenini?

Mtoto wa Msikilizaji

*

Marahaba, ndugu yangu.

Usilipe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwezi wenyewe unakimbia. Risiti isiyotaja mechi, tarehe wala kiti haikupi chochote cha kudai. Tiketi za Kombe la Dunia huuzwa kupitia njia zinazotangazwa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, na kwa mawakala ambao baraza lenyewe limewataja. Mwulize huyo wakala jambo moja tu: jina lake limo kwenye orodha hiyo? Akianza kuzunguka, umepata jibu. Na rafiki zako waonyeshe hii barua kabla hawajamalizia malipo yao.

Lakini hata wakala angekuwa mkweli, bado ningekuzuia kumpeleka baba yako kwenye fainali au kwenye mechi ya India na Pakistan. Kumbuka yaliyotokea 2023 kule India. Mashindano yalikuwa yaanze Oktoba 5, na ratiba ikatoka mwishoni mwa Juni, zikiwa zimebaki siku kama 100. India na Pakistan wakapangiwa Ahmedabad Oktoba 15. Vyumba vikapanda bei hadi wanunuzi wakashika vichwa. Kisha Agosti mechi hiyo ikarudishwa nyuma siku moja, Oktoba 14, kwa sababu ya sikukuu. Siku moja tu! Mwenye fedha alibadilisha ndege akaendelea na maisha. Aliyekata tiketi ya bei ya chini isiyobadilishwa wala kurejeshwa, siku ile moja ilimla akiba yote. Wewe uko kwenye kundi hili la pili, na mimi pia, ndiyo maana nakusihi.

Tena kuna baba mwenyewe. Mtu anayeunganisha nukta sita kuwa M anapenda mchezo wa subira. Anataka kuona mrushaji akimtega mpigaji ova tatu mfululizo, mpira huu karibu, huu mbali kidogo, kisha ule wa mtego. Mechi ya T20, ile fupi ya ova 20 kila upande, itakuwa imekwisha kwa saa tatu na ushei huku muziki ukipigwa, na umetumia nauli ileile. Mpeleke kwenye Testi. Ni siku tano, ova 90 zinapangwa kwa siku, kuna mapumziko ya chakula cha mchana ya dakika 40 na ya chai ya dakika 20. Mzee mwenye goti anapata nafasi ya kusimama, kujinyoosha, kwenda haja bila kukimbizana na umati. Nauli ya ndege ni ileile ukae saa tatu au siku tano, kwa hiyo gawanya mwenyewe uone kila saa ya kriketi inakugharimu nini. Na viti vya Testi, ukiondoa mapambano makubwa ya England na Australia au ziara za India, mara nyingi hupatikana bila kupigania.

Twende wapi, umeuliza. Mimi nina sehemu mbili moyoni.

Ya kwanza ni Galle, kusini mwa Sri Lanka. Uwanja uko chini kabisa ya ngome ya kale ambayo Wareno waliianza na Waholanzi wakaijenga upya, na bahari iko pande mbili. Maji ya tsunami yaliubomoa Desemba 26, 2004, wakaujenga tena, na Desemba 2007 England wakaja kucheza Testi ya kuufungua. Hapo ndipo Muttiah Muralitharan, mrushaji wa Sri Lanka, alipochukua wiketi yake ya 800, yaani mpigaji wa 800 aliyemtoa, mwezi Julai 2010, mpira wa mwisho kabisa aliomrushia mpigaji wa India katika Testi yake ya mwisho. Baba yako ukimtajia tu jina la Galle, atakufungulia daftari la siku hiyo.

Mimi nilikuwa huko Januari 29, 2025, Australia walipoanza kupiga. Asubuhi nilipanda juu ya kuta za ngome, ambako watu hutazama bila kulipa. Ukiwa pale juu unaona gongo limegonga mpira, ndipo mlio unakufikia baadaye kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Steve Smith, mpigaji wa Australia, alikuwa na mikimbio 9,999 katika maisha yake ya Testi, tangu Sydney mwanzoni mwa mwezi. Alipokimbia ule mmoja uliobaki, jamaa aliyekuwa ameketi karibu nami, shabiki wa Sri Lanka kwa fulana yake, alisimama akapiga makofi hadi jasho likamtiririka. Nami nikasimama. Yule ni mpinzani, lakini elfu kumi ni elfu kumi.

Hata hivyo baba usimpandishe ukutani akae kutwa. Hakuna kivuli, hakuna kiti, na njia ya kupandia ni ya mawe. Mpandishe nusu saa, polepole, aone mandhari, kisha mlipie kiti ndani kwenye jukwaa lenye paa. Jukwaa lililo upande wa magharibi wa uwanja ndilo linalokupa mgongo wa jua mchana unapogeuka, na mchana ndio unaochosha. Sheria hiyo inafaa uwanja wowote duniani: kabla hujanunua kiti, fungua ramani, tafuta magharibi ni wapi.

Galle ina faida nyingine kwa mfuko mdogo. Treni inatoka kituo cha Fort jijini Colombo, inashika ufuo wa bahari hadi Galle kwa muda wa saa mbili hadi tatu, na kituo cha Galle kiko jirani na uwanja. Huhitaji gari la kukodi. Pia hutokea ziara yenye Testi mbili, zote hapohapo. Australia mwaka ule walicheza zote mbili Galle, ya pili ikaanza Februari 6. Chumba kimoja, siku nyingi za mchezo. Angalia tu msimu: mvua za monsuni za kusini-magharibi huanza mwezi Mei zikaendelea hadi Septemba, na upande ule wa kisiwa ndio unaozipokea. Ukipata ziara ya Januari au Februari, chukua hiyo.

Sehemu ya pili ni Afrika Kusini, lakini wakati wa kiangazi chao, si lazima Kombe la Dunia. Uwanja wa Centurion una kingo za nyasi ambako unatandika shuka na kukaa, na treni za Gautrain zinaunganisha uwanja wa ndege wa Johannesburg na kituo cha Centurion, si mbali na mchezo. Uwanja wa Wanderers pale Johannesburg hauko mbali nao, kwa hiyo ratiba ikiwapanga pamoja unakaa mahali pamoja. Usidanganyike na ramani ukadhani utarukia Cape Town kwa basi jioni moja: ni kilomita 1,400 hivi. Na nyasi hazina pa kuegemeza mgongo, kwa hiyo baba mtafutie kiti.

Kuna wanaoiota West Indies, na nawaelewa. Ila West Indies si nchi. Ni timu ya visiwa na mataifa mengi yaliyounganishwa na kriketi, na ukitoka Barbados kwenda Jamaica au Guyana umevuka mpaka, umeonyesha pasipoti na umelipa ndege tena. Kwa akiba yako, labda kisiwa kimoja, Testi moja. Sikushauri kuanzia huko.

Sasa kwenye kupanga. Watu wengi hukosea mpangilio wenyewe, wananunua ndege kwanza kwa sababu bei imeshuka. Wewe anza na ratiba. Subiri bodi ya kriketi ya nchi mwenyeji itangaze tarehe na viwanja, si tetesi za mitandaoni. Zikitoka, weka chumba kinachoweza kufutwa bila faini, siku hiyohiyo, hata kama hujajua nauli utaitoa wapi. Hapo hujafunga lolote na umeshika bei. Kisha omba viza. Ndege fuata viza, usiitangulie, isipokuwa tiketi yenyewe inarejeshwa. Sri Lanka kibali cha kuingia huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao. Jihadhari na tovuti zinazofanana nayo zinazokutoza mara mbili. Uingereza na Australia huchambua taarifa zako za benki, kwa hiyo fedha ziwe zimeingia kidogokidogo kama ulivyoziweka, si mkupuo mmoja wa wiki jana. Kwa kuwa wewe ndiye unayemlipia baba, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa kinachomtaja yeye pamoja na barua yako ya kugharamia safari. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano watadaiwa cheti cha chanjo huko Afrika Kusini na Sri Lanka, na mchanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.

Fika siku mbili kabla ya mechi. Mzee atoke kwenye ndege, goti lishuke uvimbe, alale. Na usiweke ndege ya kurudi jioni ya siku ya mwisho. Julai 9, 2019, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya India na New Zealand kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Manchester, ilisimamishwa na mvua New Zealand wakiwa katika ova ya 47, ikamaliziwa Julai 10 kwenye siku ya akiba. Tiketi yako inaweza kukuruhusu kurudi kesho yake, lakini ndege haikungoji. Mvua ikiharibu siku nzima, baadhi ya viwanja hurejesha fedha za kiti kulingana na ova zilizorushwa. Nauli na chumba havirudishwi na mtu yeyote. Soma masharti yaliyo nyuma ya tiketi kabla ya kulipa.

Upande wa pili wa hatari hii watu huusahau: mechi kuwahi kuisha. Januari 3, 2024, Afrika Kusini walianza Testi ya Mwaka Mpya Newlands, Cape Town, dhidi ya India. Wakatolewa wote kwa mikimbio 55. India nao, wakiwa na 153, wakapoteza wiketi sita bila kuongeza hata mkimbio mmoja. Wiketi 23 zilianguka siku ile ya kwanza, na kesho yake kabla jua halijazama India walikuwa wameshinda. Mipira 642 jumla, Testi fupi kuliko zote zilizowahi kupata mshindi. Aliyesafiri na tiketi ya siku ya tatu alibaki na Mlima wa Meza wa kutazama. Kwa hiyo nunua siku ya kwanza na ya pili mapema, hizo ndizo hazikosi. Siku ya tatu inunue ukishaona mchezo unavyokwenda, kama viti havijakwisha. Siku ya tano mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu hakuna ajuaye kama itafika, na ikifika ikiwa na ushindani, mzee atakuwa ameona kitu ambacho redio haijawahi kumpa.

Kuhusu hela zenyewe, mimi hugawa hivi: nauli isile zaidi ya nusu ya akiba. Ikizidi, badilisha nchi au badilisha mwezi, usianze kubana chakula. Kinachobaki, toa theluthi moja uiweke pembeni usiiguse. Hiyo ni ya daktari, ya ndege iliyoahirishwa, ya usiku usiotarajiwa. Chumba kitafute kando ya njia ya treni vituo viwili vitatu kutoka uwanjani, kwani kinachopanda bei wakati wa mechi ni umbali wa kutembea kwa miguu. Ila kwa baba hakikisha ni ghorofa ya chini au kuna lifti. Mimi ningepunguza usiku mzima wa safari kabla ya kumpandisha ngazi tatu kila jioni.

Bima nunua, na uandike lile goti. Andika na presha kama anayo. Kampuni za bima huangalia umri na maradhi ya awali, na ukificha ili bei ishuke, siku ya shida hawakulipi.

Nimebakiza dada yako, na yeye hajakosea. Anaogopa mzee atarudi na akiba imeisha na goti limevimba. Mpigie, mweleze theluthi iliyotengwa, mwonyeshe bima, mweleze kwamba umekataa fainali. Mpe kazi pia: yeye ndiye aende na baba kwa daktari wa goti kabla hujalipia ndege, na neno la daktari ndilo liwe la mwisho. Nadhani ugomvi wake utapungua akishika sehemu ya safari mkononi.

Na acha habari ya kumshtukiza. Mtu aliyengoja jambo maisha yake yote anastahili miezi ya kulisubiri akijua linakuja. Mwambie Jumapili hii. Mwekee ratiba za Testi mezani achague ziara mwenyewe, kwa sababu yeye anajua kuliko mimi na wewe ni warushaji gani angependa kuwaona. Akishachagua, itazame pasipoti yake: nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele. Mnunulie daftari jipya, penseli mbili na kichongeo, maana wino huchafuka mikono ikitoka jasho. Daftari liwe kwenye mkoba wa mkononi, lisiende kwenye mizigo ya chini ya ndege.